Boma la Kuunganisha Mbwa Mwitu

Mbwa mwitu wa koo mbili wanapolazwa kwa dawa ya usingizi, wataalamu wa Afrika Kusini wana kazi moja ya ajabu kabla hawajazinduka: huwasugua mmoja kwa mwenzake, ubavu kwa ubavu, mpaka harufu zichanganyike. Kisha huwalaza wakigusana ili waamke pamoja. Anayeiona mara ya kwanza anaweza kudhani ni uganga. Lakini mnyama huyu hutumia sana pua kumtambua wa kwake, na mgeni mwenye harufu ngeni huenda akararuliwa.

Mwaka 2018 Hifadhi ya Taifa ya Gorongosa, Msumbiji, ilipokea mbwa mwitu 14 kutoka Afrika Kusini. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, vya 1977 hadi 1992, vilikuwa vimefyeka zaidi ya asilimia 90 ya wanyama wakubwa wa hifadhi hiyo. Chui, fisi na mbwa mwitu walitoweka. Simba wakabaki wachache. Wala majani ndio waliotangulia kuongezeka, na kukosekana kwa wawindaji kukawabadili tabia. Pongo, ambaye kwa asili hujificha vichakani, alizoea kula mchana kweupe kwenye mbuga tambarare. Watafiti walipompigia sauti za chui kwa vipaza sauti, hofu ilimrudia akaanza kuyakwepa maeneo hayo. Mbwa mwitu walikuwa wanapelekwa kwenye nchi yenye nyama tele na wapinzani wachache.

Hawakufunguliwa siku ya kufika. Walikaa kwanza ndani ya boma la uzio, na hapo ndipo ilipo sehemu ya kazi ambayo watalii hawaioni. Uzio huo huzuia mbwa wasianze safari ya kurudi walikotoka. Tena, wale watakaoachiwa kwenye hifadhi zenye uzio wa umeme hujifunza humo kuuheshimu. Mimi naona yote hayo ni ya pembeni. Kazi kubwa ya boma ni kuunda kundi, kwa sababu mbwa mwitu asiye na kundi hana maisha: wenzake ndio anaowinda nao, ndio wanaobaki na watoto pangoni, ndio wanaomtapikia nyama akiwa mgonjwa.

Porini kundi jipya huzaliwa hivi: ndugu wa kiume huondoka kwao pamoja, hukutana na dada waliohama kundi lingine, wakishapatana wanabaki pamoja. Kwa kawaida dume mmoja na jike mmoja tu ndio watakaozaa. Waliobaki ni walezi. Kinachofanyika bomani ni posa iliyopangwa na wazee. Huchukuliwa madume wa ukoo mmoja na majike wa ukoo mwingine, mara nyingi wakitenganishwa kwanza kwa wavu ili wanusane bila kuumana. Baadaye wavu huondolewa, na mzoga mzima hutupwa ndani wale wote kwa pamoja. Msimamizi huangalia nani analala karibu na nani. Jike akikojoa na dume akaja kukojoa palepale juu ya mkojo wake, hiyo ni dalili nzuri kwamba viongozi wamepatikana.

Gorongosa ilifanikiwa: mbwa walizaa, makundi mapya yakajitenga. Sifa nyingi zimepewa boma, na linastahili, ila si zote.

Tazama Serengeti, Tanzania. Huko mbwa mwitu waliokuwa wakifuatiliwa na watafiti walitoweka mwaka 1991. Kichaa cha mbwa kilishathibitishwa katika baadhi ya makundi, na wanasayansi wakabishana kwa miaka mingi, wengine wakidai hata kule kukamatwa na kuvishwa kola kuliwadhoofisha. Wakati huo Loliondo, upande wa mashariki, mbwa mwitu waliendelea kuonekana, wakigombana na wafugaji kwa sababu ya mbuzi. Wengine waliuawa kwa sumu. Kuanzia 2012, taasisi ya utafiti wa wanyamapori TAWIRI na shirika la hifadhi za taifa TANAPA walikamata makundi huko, wakayahamishia bomani upande wa magharibi wa hifadhi, kisha wakayaachia.

Kwa kutazama juujuu ni mbinu ileile. Lakini mbwa wa Loliondo walikuwa ndugu tayari, hawakuhitaji posa. Boma lao lilitakiwa kuwasahaulisha kwao, na kwa mnyama ambaye kundi lake huzunguka mamia ya kilomita za mraba, pengine zaidi ya 1,000, wiki kadhaa ndani ya uzio si kitu. Baadhi ya makundi hayakutulia yalipoachiwa, yakaondoka.

Na walifunguliwa kwenye nchi yenye simba na fisi kwa maelfu. Simba huua mbwa mwitu na watoto wao; fisi huwapokonya mawindo. Ndiyo maana mbwa mwitu mara nyingi hukwepa nyanda zenye swala wengi wakaenda kwenye vilima na vichaka penye windo haba, maadamu simba ni wachache. Loliondo ni mahali pa namna hiyo. Mtu anayeilaumu timu ya Serengeti kwa kutopata matokeo ya Gorongosa anasahau kwamba Msumbiji vita vilikuwa vimeshaondoa fisi wote na simba wengi kabla boma halijajengwa. Kwa uhamisho mwingine wowote wa Tanzania, ningeanza na ramani ya simba, kisha ramani ya mazizi ya mbuzi, ndipo nichague pa kuchimbia nguzo za uzio.