Nyama, Nchi na Watu: Mali katika Habari za Wakilindi

Viko vitabu vya Kiswahili vinavyotajwa na wengi na kusomwa na wachache. Kimoja katika hivyo ni Habari za Wakilindi, kazi ya Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy. Kilipigwa chapa kwa sehemu tatu na misheni ya Magila baina ya mwaka 1895 na 1907, kisha kikatolewa tena mwaka 1962 na East African Literature Bureau ya Nairobi, chini ya uangalizi wa J. W. T. Allen. Tangu hapo wanaokishika zaidi ni wanahistoria. Hao hukiendea kama mtu aendaye kisimani: huchota majina, nasaba na habari za vita, wakaondoka bila ya kukitazama kisima chenyewe. Mwanafunzi wa fasihi naye, akisikia neno "habari" katika jina la kitabu, hudhani kuwa hakimhusu.

Hasara ya desturi hiyo si ndogo. Habari za Wakilindi ni hadithi ndefu ya nchi ya milima, na jambo linaloiunganisha hadithi hiyo tangu mwanzo wake hata mwisho si nasaba wala vita, bali mali. Kitabu kinauliza swali ambalo riwaya nyingi zilizokuja baadaye zimelizunguka bila ya kulikabili: kitu huwaje cha mtu, na mtu huwaje wa mtu mwingine? Jawabu lake ni kali. Mali humtukuza mwenyewe maadamu inapita mikononi mwake kwenda kwa wengine. Siku anapoizuia, au anapoitoa nje kwa kuiuza, hubaki na vitu na kuwakosa watu.

Tutazame hadithi inavyoanza. Mbega, baba wa utawala wa Wakilindi, ni mtu wa Ngulu. Amezaliwa kigego, yaani meno yake ya juu yalitangulia kuota, na jambo hilo lilihesabiwa kuwa kisirani. Jamaa zake wanamnyima urithi. Hapo ndipo safari yake inapoanza, kwa maana mtu asiye na fungu katika mali ya ukoo hana mahali pa kusimama katika ukoo. Msimulizi hapotezi maneno mengi kumlilia. Anaacha neno hilo likae mwanzoni kama jiwe la msingi, na msomaji mwangalifu ataliona tena na tena chini ya kila ukuta unaojengwa juu yake: mtu aliyenyimwa fungu dogo nyumbani kwao ndiye atakayepewa nchi nzima ugenini.

Mwanafunzi aliyekulia katikati ya Dar es Salaam hana haja ya kufasiriwa uchungu wa mwanzo huo. Katika mitaa ya Kariakoo, nyumba ya urithi ni mkasa unaojulikana. Nyumba ya vyumba sita iliyojengwa na babu, yenye ukumbi katikati na wapangaji pande zote mbili, yaweza kuwalea wajukuu kwa kodi zake miaka mingi bila ya mtu kuuliza fungu lake ni lipi. Anapokuja mnunuzi anayetaka kiwanja ili ajenge ghorofa, ndipo huulizwa nani ni mtoto halali, nani ni wa nje, na nani aliolewa akaondoka. Sababu za kumtoa mtu katika mirathi hazikosekani kamwe. Katika Ngulu ya Mbega zilipatikana kinywani mwake, katika mpango wa meno.

Baada ya kunyimwa urithi, Mbega anakwenda Kilindi, anapata rafiki katika nyumba ya mkubwa wa mji, na rafiki huyo anafikwa na mauti katika uwindaji. Mbega anakimbia tena. Sasa hana ukoo, hana mji. Ana mbwa, mikuki na ujuzi wa kuwinda nguruwe. Anaipita nyika, analala porini na mapangoni, hata anafika chini ya milima ya Usambara na kuipanda.

Hapa inafaa kukumbuka hali ya milima hiyo. Wasambaa walitofautisha nchi yao ya juu, yenye baridi, mvua na migomba, na nyika iliyo chini, yenye jua kali na njaa za mara kwa mara. Wengi walikaa karibu na ukingo wa milima ili waweze kulima huku na huku, mavuno ya upande mmoja yakikosa ya upande wa pili yawaokoe. Kwa watu wa namna hiyo shamba ni uhai, na nguruwe anayefukua shamba usiku ni adui kuliko mwizi. Basi mtu anayewaua nguruwe analeta vitu viwili kwa pigo moja: anaokoa mavuno na anatoa nyama. Mbega anawapa watu nyama, nao wanampa vyakula vya shamba. Anaamua na magomvi yao. Akiwa njiani kwenda Vuga anaua simba, na sifa yake inatangulia mbele yake. Mwishowe watu wanampa nchi na mke.

Sanaa ya msimulizi iko katika mpango huu. Hapana vita vya kuiteka Usambara. Nchi inapatikana kwa nyama iliyogawanywa. Na ajabu yake zaidi ni kuwa anayesimulia ni Mwislamu wa pwani, mtu ambaye nyama ya nguruwe ni haramu kwake. Hata hivyo hakumfanyia dhihaka shujaa wake. Ameelewa kuwa katika hadithi hii jambo kubwa si mnyama, ni mgawo. Mtu wa mjini aliyeweza kuipima nchi ya wenzake kwa mizani yao wenyewe amestahili kuitwa mwandishi, wala si mwandika kumbukumbu tu.

Walakini msomaji asikubali haraka kuwa zawadi ya Mbega haikuwa na mtego. Wahenga wamesema mkono mtupu haulambwi. Na mkono uliojaa, pamoja na kulambwa, hufunga. Aliyekula nyama leo ana deni kesho, na deni ambalo halikutajwa kiasi chake haliishi kulipwa. Wasambaa wanampa Mbega chakula, kisha mke, kisha hukumu zao, kisha nchi. Hakuna mahali ambapo mtu anasema sasa tumelipa. Katika ukarimu wa babu umefichwa unyang'anyi wa wajukuu, na kitabu kina ujasiri wa kuonyesha jambo hilo bila ya kulitangaza.

Lipo pia jambo ambalo kitabu hakilioni vya kutosha. Nyama inatajwa kwa fahari, na mwenye kuileta ana jina. Chakula cha shamba kilichotolewa badala yake kinapita kimya. Lakini jembe lililokilima lilikuwa kwa sehemu kubwa mkononi mwa mwanamke. Biashara ya kwanza iliyozaa ufalme ilikuwa na pande mbili, na upande mmoja umekosa jina. Mwanamke mwenyewe baadaye anatolewa kuwa mke kama sehemu ya heshima anayopewa mgeni. Si haki kumlaumu mwandishi wa zama zile kwa kukosa macho ya zama hizi, ila ni wajibu wa mhakiki kusema pengo liko wapi, hasa pengo hilo likiwa katikati ya hoja ya kitabu chenyewe.

Kutoka kwa Mbega hadithi inateremka kwa wanawe na wajukuu, hata inamfikia Kimweri ye Nyumbai, yule ambaye mmisionari J. L. Krapf alimkuta Vuga mwaka 1848. Chini yake ufalme ulienea mbali, na wanawe walipewa nchi mbalimbali kuzitawala. Sasa maana ya mali imegeuka. Nchi iliyotolewa na watu kwa hiari imekuwa nchi ya mfalme tangu asili. Mfalme anapokea, na watu wanamtazamia awape mvua na amani. Wasambaa wana maneno mawili ya kupimia utawala, ambayo mwanahistoria Steven Feierman aliyachunguza katika kitabu chake cha mwaka 1990: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuidhuru. Maadamu nchi imepona, kutoa kwa mfalme hakukuitwa kunyang'anywa.

Kimweri alipofariki mwanzoni mwa miaka ya 1860, mizani ilianguka. Semboja, mwanawe, hakuweka makao yake juu Vuga bali chini Mazinde, kwenye njia ya misafara. Uteuzi huo wa mahali una maana kubwa kuliko vita vyote vilivyofuata. Mbega aliitoka nyika akaupanda mlima na nyama ya kugawa; mzao wake aliuteremka mlima akaifuata nyika kutafuta bunduki na bidhaa za pwani. Na bidhaa za pwani zilikuwa na bei. Watu walikamatwa na kuuzwa. Wabondei wakainuka kuwafukuza Wakilindi katika machafuko yaliyoitwa Kiva. Kitabu kilichoanza na mtu kupewa watu kwa sababu ya nyama kinaingia katika zama za watu kutolewa kwa sababu ya baruti. Huo ndio mviringo wake, nao umekamilika kama wa tamthilia yoyote iliyobuniwa kwa makusudi.

Yupo atakayepinga kuwa mpango huu ni wa mhakiki na si wa mwandishi. Atasema kuwa Abdallah alikuwa karani wa Semboja, mtu wa nyumba ile, na hakuwa na nia ya kuwahukumu mabwana zake. Pingamizi hili lina nguvu, lakini linathibitisha zaidi kuliko linavyobomoa. Aliyekula chumvi ya Semboja angeweza kuiacha hadithi ya nyama ikapita kwa maneno machache, akaanza na enzi na fahari. Badala yake alianza na mtu mnyonge aliyenyimwa urithi, akamfuata hatua kwa hatua katika ukarimu wake, hata msomaji akifika kwa Semboja awe na kipimo mkononi. Hakuhukumu, alitoa mizani akanyamaza.

Tukikilinganisha na vitabu vya baadaye, thamani yake huonekana zaidi. Katika Utubora Mkulima ya Shaaban Robert, iliyotolewa mwaka 1968, mtu anaiacha kazi ya mjini akaenda kulima, na shamba linakuwa dawa ya roho. Katika Gamba la Nyoka ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1979, wanakijiji wanakabili amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa, na ardhi inakuwa uwanja wa mashindano baina ya dola na raia. Kitabu cha kwanza kinaona fadhila ya shamba, cha pili kinaona mkono wa serikali. Habari za Wakilindi kinaona kile kilichotangulia vyote viwili: namna watu wa kijiji wanavyomtengeneza bwana wao kwa mikono yao, na namna anavyosahau.

Wala jambo hili halikufa na Wakilindi. Huko Mlalo, katika milima ile ile, serikali ya kikoloni ilianza mwaka 1946 mpango wa kuokoa udongo, watu wakalazimishwa kulima kwa matuta kwenye miteremko, nao wakaukataa. Kwa mkulima, mwenye amri asiyeleta mvua wala nyama alikuwa na haki gani juu ya shamba? Leo sheria za ardhi za mwaka 1999 zinasema kuwa ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, iliyo chini ya Rais akiwa mdhamini, na zinampa mwanamke haki sawa ya kuimiliki. Neno "mdhamini" ni zito. Linakubali kuwa mkubwa ameshikiliwa mali na wenyewe. Ni deni la Mbega, safari hii limeandikwa.

Msomaji wa Dar es Salaam hukutana na Usambara katika kabeji, karoti na matunda ya Lushoto yanayopangwa masokoni. Kariakoo haiulizi kabeji ililimwa na nani. Inauliza bei, na bei ikilipwa pande mbili huachana bila ya deni. Huo ni uhuru mkubwa, asiudharau mtu. Biashara ya namna hii haimfanyi muuzaji kuwa mfalme wa mnunuzi. Lakini vile vile haimwachii mkulima wa mlimani haki yoyote juu ya mjini baada ya fedha kuhesabiwa. Habari za Wakilindi hakimwambii msomaji achague lipi kati ya zawadi inayofunga na bei inayotenga. Kinamwonyesha gharama ya kila moja, kwa Kiswahili safi kilichozoea pwani na mlima pia. Kitabu cha namna hii hakistahili kuachiwa wanahistoria peke yao. Mahali pake ni mbele ya mwanafunzi wa fasihi, na kisomwe tangu ukurasa wa urithi ulionyimwa.