Mita Mbili Unusu: Hesabu ya Mpiga Upinde wa Ituri

Mwindaji wa Kiefe katika msitu wa Ituri hupanda miti mirefu kufuata asali. Hupanda mita 30 na zaidi, shoka begani, furushi la majani likifuka moshi wa kuwalevya nyuki, akafika penye mzinga, akapasua tundu, akateremsha asali. Mtu huyohuyo akienda kuvizia mboloko, paa mdogo wa msituni, kwa upinde, hukaa mita 2 hadi 3 tu kutoka ardhini. Mgomba uliokomaa unampita. Tofauti hiyo haielezeki kwa woga wa kupanda wala kwa kukosa kamba, na inastahili kuchambuliwa, kwa kuwa siku hizi maarifa ya kuwinda kutoka mtini yanafundishwa kinyume chake. Huko Marekani wawindaji wengi wa upinde wamehamia kwenye kiti cha kamba: mkanda mpana unashika makalio na mapaja, kamba imezungushwa shina, na mtu anaegemea nyuma huku nyayo zimekita mtini, kama mkata mawese anavyouegemea mkanda wake juu ya mchikichi. Wengi hupanda mita 5 hadi 7, na imani iliyoenea ni kwamba kadiri unavyopanda ndivyo unavyojificha. Hoja yangu ni kwamba Waefe hawakuishia chini kwa upungufu wowote. Kimo chao kimetokana na hesabu, na hesabu hiyo huanzia kwenye umbali kati ya mshale na mnyama.

Kwa sisi wa upande wa Katana, jambo hili lina uzito wake. Msitu unaoonekana magharibi ya barabara ya Bukavu kwenda Goma ni Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975 hadi kilomita za mraba 6,000 hivi, na Watwa waliokuwa wakiishi na kuwinda humo waliondolewa. Ufundi ukishatenganishwa na mahali pake, huanza kusimuliwa kama ushamba wa kale, na wajukuu wa mafundi wenyewe huishia kuamini hivyo. Ituri ndiko tunakoweza kupata maelezo ya karibu, kwa sababu watafiti walikaa na wapiga upinde wenyewe msituni. Mjapani Hideaki Terashima alichapisha mwaka 1983 uchunguzi wake juu ya uwindaji wa Wambuti wanaotumia upinde, yaani Waefe, na Robert Bailey alifuata shughuli za wanaume wa Kiefe siku kwa siku katika miaka ya 1980. Maelezo yao yanataja njia tatu kuu. Kuna kuwinda nyani na kima kwa mishale ya sumu, mtu akiwa peke yake. Kuna mota, ambapo kundi la wanaume na mbwa waliovalishwa njuga za mti shingoni huwafurusha wanyama kuelekea kwa wapiga upinde. Na kuna ebaka, kuvizia kutoka mtini, ambayo ndiyo shabaha yangu hapa.

Ebaka huanza kwa tunda kudondoka. Mboloko, yule paa mdogo wa rangi ya kijivubuluu mwenye uzito wa kilo 4 hadi 6 hivi, hula zaidi matunda yaliyoanguka, na mara nyingi hufuata chini ya kima na ndege wanaokula juu na kumwaga mabaki. Mwindaji akiupata mti unaodondosha, huusoma: matunda yapi yamemenywa, yapi yameachwa, kwato zimeingilia upande gani, kinyesi ni kibichi au kimekauka. Ndipo anapochagua pa kuketi, tawi au kikalio kilichoinuliwa karibu na ulaji huo, naye hurudi wakati wa mapambazuko au jua likielekea kuzama, akiwa na mishale yenye vyembe vya chuma. Chuma chenyewe kwa kawaida hutoka kwa majirani wakulima, Walese, ambao Waefe wamebadilishana nao nyama, asali na kazi kwa vizazi vingi. Hapo hangoji bahati. Kazi kubwa imekwisha kabla hajaketi, kwa kuwa amekwisha kujua mnyama atasimama wapi, ameinamisha kichwa kuelekea wapi, na ubavu upi utakuwa wazi.

Sasa tupime. Tuseme kikalio kiko mita 2.5, na mshale unaachiliwa mita 3 kutoka ardhini kwa sababu mtu ameketi. Kifua cha mboloko kiko kama robo mita kutoka chini. Mnyama akiwa mita 5 kutoka shina, mshale unashuka kwa mwinamo wa nyuzi 29 hivi. Pandisha kikalio hadi mita 6, mnyama abaki palepale, na mwinamo unakuwa nyuzi 51. Tofauti hii ndiyo inayoamua kama kutakuwa na nyama. Mshale wa nyuzi 29 unaingia nyuma ya bega, unapita mapafu yote mawili na kutokea chini upande wa pili. Ule wa nyuzi 51 unakutana kwanza na uti wa mgongo na mfupa wa bega, na ukiukosa uti unaweza kutoboa pafu moja tu kisha ukateremka tumboni, na mnyama aliyebaki na pafu zima anakimbia mbali. Isitoshe, mboloko akitazamwa kutoka juu ni ukanda mwembamba ambao upana wake hauzidi sana kiganja cha mtu mzima. Akitazamwa kwa ubavu, ana kifua cha kulengwa.

Mtu atajibu kwamba aliye juu anaweza kuurudisha mwinamo ule mzuri kwa kumlenga mnyama aliye mbali zaidi. Kweli, anaweza, na hapo ndipo gharama inapojitokeza. Kutoka mita 6, ili upate tena nyuzi 29, mnyama lazima awe zaidi ya mita 11 kutoka shina, na njia ya mshale inakuwa mita 13 badala ya 5.7. Tuchukue, kwa ajili ya hesabu tu, mshale unaokwenda mita 40 kwa sekunde. Sauti ya upote unaoachiliwa husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo humfikia mnyama kabla ya mshale. Katika mita 5.7, muda kati ya sauti na mshale ni sekunde 0.13. Katika mita 13 ni karibu sekunde 0.29, zaidi ya mara mbili. Paa anayeishi kwa kushtuka hahitaji zaidi ya hapo kuinama na kugeuka, na mshale uliolengwa mapafuni unapita mgongoni au unagonga paja. Ongeza kwamba Ituri si pori la wazi. Kila mita ya ziada ni majani mengine, na jani moja lenye umande linatosha kuupotosha mshale mwepesi. Aliye chini ya vichaka vya katikati anaona njia safi ya mita tano au sita. Akipanda, vichaka hivyohivyo vinakuwa kati yake na mnyama.

Pingamizi zito zaidi ni la harufu na macho. Wafuasi wa kimo kirefu husema mnyama hatazami juu, na harufu ya mtu hupita juu ya kichwa chake. La kwanza, kwa mboloko, silikubali. Adui wake mmoja mkubwa ni tai wa msituni mwenye ushungi, ambaye hukaa kimya tawini na kumwangukia kutoka juu. Mnyama aliyelelewa chini ya adui wa namna hiyo anajua kutazama juu. Kinachomficha mwindaji ni kutotikisika, pamoja na shina nyuma yake linalomeza umbo lake, na hayo mawili yanapatikana mita 2.5 sawasawa na mita 7. Kuhusu harufu nakiri kwamba kimo kinasaidia palipo na upepo. Lakini chini ya paa la msitu mzito, mapambazuko na jioni, hewa karibu haiendi. Harufu hubaki ilipo na kusambaa taratibu, na dawa yake ni kuketi upande usio wa njia ya mnyama, kupanda bila kukanyagakanyaga penye matunda, na kutokaa muda mrefu. Kuchagua saa na upande kunafanya kazi ambayo mita nne za ziada zisingeifanya.

Wapo pia watakaosema nimeugeuza udhaifu kuwa hekima: upinde wa Ituri ni mdogo, haufiki mbali, kwa hiyo mwenyewe hana budi kusogea. Ni kweli ni mdogo. Ni mfupi kuliko mtu anayeutumia, upote wake ni utembo wa kekele iliyochanwa, na mishale mingi haina manyoya, ila kipande cha jani kilichopenyezwa kwenye mpasuko wa ufito. Lakini uweke upinde mrefu wenye nguvu mikononi mwa mtu aliyeketi tawini uone. Ncha ya chini inagonga goti au tawi, ya juu inanaswa na mmea unaotambaa, na kuuvuta kunadai mgongo wote ufunguke, mabega yapanuke, miguu ikite. Hata mwenye kiti cha kamba, ambaye mkanda umemwachia mikono yote miwili, hulazimika kujizungusha shina lisizuie ncha za upinde wake, na kila mzunguko ni mwendo unaoonekana. Upinde mfupi huvutwa kwa msogeo mdogo wa kiwiko. Na mnyama wa kilo 5 haombi nguvu zaidi ya hiyo. Tazama pia jinsi watu haohao wanavyobadili zana pale umbali usipoweza kupunguzwa. Kima yuko juu ya paa la msitu na hakuna kikalio kitakachomleta karibu, kwa hiyo Waefe humpiga kwa ufito mwepesi uliochongwa ncha tu, bila chuma, uliopakwa sumu ya mimea. Jeraha dogo linatosha, na mshale uliopotelea majanini si hasara kubwa. Anayetenganisha hivyo kati ya chuma na sumu, kati ya kupanda kwa asali na kuketi kwa mboloko, anajua uwezo wa upinde wake kuliko sisi tunaousema.

Kuhusu nyavu sitakaa sana. Jirani zao Wambuti wa nyavu hukusanya familia nyingi na huua wanyama wengi kwa siku moja, lakini nyavu hudai watu, wanawake wakiwemo, na Bailey pamoja na mtafiti mwenzake Robert Aunger walionyesha mwaka 1989 kwamba kuchagua wavu au upinde kulihusiana sana na kazi ambayo wanawake wangeweza kuifanya kwenye mashamba ya wakulima. Ebaka ni ya mtu mmoja, na ya nyakati mbili ambapo giza na mwanga hukutana. Si mshindani wa wavu. Hufaa hata siku ambazo kambi haina watu wa kutosha.

Lakini pingamizi la mwisho linanigusa kuliko yote, kwa kuwa ni la nyumbani. Je, ni haki kusifu ufundi wa kuwinda hapa Katana, jirani na Lwiro, ambako kituo cha kutunza sokwe yatima kimekuwepo tangu 2002, sokwe ambao wengi wao ni mabaki ya biashara ya nyama ya porini? Ndani ya hifadhi kuwinda ni marufuku, na sidai marufuku hiyo ifutwe. Wala sisemi upinde hauwezi kumaliza wanyama: nyama ikishakuwa bidhaa ya soko, zana yoyote humaliza. Ninachosema ni kwamba zana hizi hazifanani. Tanzi la waya halijui limemkamata nani. Hushika mkono wa sokwe mtoto sawasawa na mguu wa mboloko, na huendelea kushika hata aliyelitega akiwa amelisahau. Aliyeketi mita 2.5 ana nafasi ya kumtambua mnyama kabla hajavuta: mzima au mtoto. Tukiziita zote ujangili bila kutofautisha, tunamwondolea Mtwa hata sifa ya kuwa aliwahi kuchagua. Na hifadhi yenyewe inaujua uwezo huo. Mhifadhi Adrien Deschryver alipowazoesha gorila wa Kahuzi kuona watu, alitegemea Watwa kusoma nyayo na majani yaliyovunjwa.

Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 imewatambua Wapigme wa Kongo, Watwa wakiwemo, kuwa watu wa asili wenye haki za kulindwa, na mazungumzo ya kuhifadhi maarifa yao yameanza kusikika. Hofu yangu ni kwamba kitakachohifadhiwa ni upinde tu. Upinde hupimwa kwa mita ya fundi, hupigwa picha, hutundikwa ukutani, na maelezo yake hujaa nusu ukurasa. Kimo cha kikalio nacho hakihamishiki hivihivi: huku juu kwenye ukanda wa mianzi wa Kahuzi hakuna tawi la kuketi, na mita 2.5 za Ituri hazina maana hapo, ilhali katika msitu wa chini, upande wa magharibi wa hifadhi, huenda zingefaa. Anayekwenda na daftari kwa wazee wa vijiji vya Kabare na Kalehe aulize mti gani ulidondosha mwezi gani, mboloko aliuingia kutoka upande upi baada ya mvua, na mtu aliketi wapi akaondoka lini. Aliyekuwa na miaka 20 hifadhi ilipopanuliwa mwaka 1975 sasa ana miaka 70 au zaidi.