Mgombea na Mjumbe: Uhakiki wa Maneno ya Uchaguzi katika Vyama vya Wataalamu

Katika matangazo ya vyama vya wataalamu huonekana mara kwa mara sentensi ya namna hii: "Wanasayansi wafuatao wanagombea ujumbe wa halmashauri ya chama." Sentensi hii ni fupi, sarufi yake ni sahihi, wala hapana msomaji aionaye kuwa ngeni. Hata hivyo yamekutana ndani yake maneno mawili ambayo maana zake za asili hazipatani, na la tatu, yaani kura, limejificha nyuma yake. Kutopatana huko si jambo la kamusi peke yake. Halmashauri ya chama cha uchunguzi ndiyo iamuayo makala zipi zichapwe, fedha za safari apewe nani, na swali lipi litangulie lingine. Basi jina tumwitalo mtu atakaye kuingia humo lina uzito. Nakusudia hapa kuyapima maneno hayo, na katika kuyapima nitarejea mara mbili kwenye kijiji cha Samunge, Wilaya ya Ngorongoro, ambako swali la nani aaminiwe katika jambo la ujuzi limepata kujibiwa kwa njia mbili zilizo mbali mbali sana.

Tuanze na kugombea. Kugomba ni kukaripia au kuteta. Kugombana ni kutetana. Kugombea ni kuteta kwa ajili ya kitu. Kitu hicho chaweza kuwa haki, na chaweza kuwa mfupa. Kitenzi chenyewe hakipambanui. Kura ni neno lililotoka katika Kiarabu, na maana yake ya kwanza si hiari bali bahati: watu walipiga kura ili jambo liamuliwe pasipo mtu wa kulaumiwa. Mjumbe naye ni mtu aliyetumwa. Hana neno lake mwenyewe. Lake ni kulifikisha neno la waliomtuma, na kurudi na jibu kama lilivyo. Kwa hiyo tangazo letu, likisomwa kwa maana za asili, lasema kwamba watu wanateta ili wapate kutumwa, na kwamba bahati ndiyo itakayoamua. Tena Kiswahili kina neno jumbe, yaani mkuu wa mji, lililo jirani mno na mjumbe. Herufi moja tu yatenga mtawala na mtumwaji, na yeyote aliyepata kukaa katika halmashauri anajua jinsi herufi hiyo inavyopotea upesi.

Sasa twende Samunge. Kijiji hiki ni miongoni mwa vijiji vya Wabatemi, ambao majirani huwaita Wasonjo. Kilimo chao tangu kale kimetegemea maji ya chemchemi yaongozwayo mashambani kwa mifereji. Robert F. Gray, katika kitabu chake juu ya watu hawa kilichochapwa mwaka 1963, aliueleza utaratibu wa wazee waitwao wenamiji, neno ambalo msikilizaji wa Kiswahili hulisikia mara moja kuwa "wenye miji". Wazee hao walikuwa baraza la kijiji na wasimamizi wa maji. Hawakugombea wala hawakupigiwa kura. Kiti kilirithiwa katika ukoo. Na kwa kuwa wao ndio waliogawa maji, mashamba yao yalikuwa na haki ya kwanza. Wengine walifuata nyuma, na wengine walipata maji kwa kutoa malipo.

Utaratibu huu una sifa zake. Mwenamiji hakuwa na haja ya kumrairai mtu, na kazi yake ilionekana kwa macho: mfereji ama una maji ama hauna. Lakini aibu yake nayo ni wazi. Agawaye maji ndiye anyweshaye shamba lake kwanza. Ni yale yale ya mwenye kisu kikali kula nyama. Tusidhani kwamba vyama vya wataalamu vimeepukana na aibu hiyo kwa sababu tu vinapiga kura. Halmashauri igawayo fedha za uchunguzi na kurasa za jarida ni mlango wa mfereji, na wajumbe wake wana mashamba yao.

Wala urithi haukuwa kwa Wabatemi peke yao. Tarehe 30 Novemba 1830 Royal Society ya London, chama ambacho kuanzishwa kwake kwahesabiwa tangu mwaka 1660, kilichagua rais wake. Upande mmoja alikuwapo John Herschel, mtaalamu wa elimu ya nyota, aliyependekezwa na wenziwe waliotaka chama kiongozwe na mtu wa sayansi. Upande wa pili alikuwapo Duke of Sussex, ndugu wa Mfalme William wa Nne. Duke alipata kura 119, Herschel 111. Hivyo ukoo uliushinda ujuzi kwa kura nane, katika chama ambacho kazi yake yote ilikuwa ujuzi. Sababu yake haikuwa siri: wanachama wengi wa siku zile hawakuwa wachunguzi wa jambo lolote. Mwaka 1847 kanuni zilibadilishwa, idadi ya wanachama wapya ikawekewa mpaka wa 15 kwa mwaka, ili wapigaji kura wenyewe wawe watu wajuao wanachokipigia kura. Dawa ya kura mbaya haikuwa kuacha kura, bali kuwatazama wapigao.

Nasi wa lugha tusijitoe katika hesabu hii. Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja haikuchaguliwa na wasemaji wa lugha hiyo. Wajumbe wake waliteuliwa, na katika miaka yake ya mwanzo hapakuwa na Mwafrika hata mmoja kati yao. Ilifanya kazi kubwa: Kamusi ya mwaka 1939, iliyosimamiwa na Frederick Johnson, ingali yatufaa. Lakini waliitwa wajumbe, na ukiuliza ni wajumbe wa nani, jibu ni kwamba walitumwa na serikali na misheni, si na wenye lugha. Baadaye watu kama Shaaban Robert waliingia katika Kamati, na mwaka 1964 kazi yake ikahamia katika chuo kikuu Dar es Salaam. Neno mjumbe lilikuwapo miaka yote hiyo. Lililokawia ni ukweli wake.

Turudi Samunge. Mwanzoni mwa mwaka 2011 kijiji hiki kilijulikana nchi nzima na nje ya mipaka. Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyefariki mwaka 2021, aligawa dawa iliyochemshwa kutokana na mti uitwao mugariga, kikombe kimoja kwa shilingi 500, akisema kwamba ameoteshwa na Mungu. Wagonjwa wa kisukari, saratani, pumu na UKIMWI walikwenda kwa maelfu. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, na wako wagonjwa waliofia njiani. Foleni ile ilikuwa kura ya namna yake, tena kura kubwa kuliko ya chama chochote cha wataalamu: kila aliyesimama humo aliutoa uamuzi wake kwa nauli na kwa jasho.

Wataalamu wa serikali waliipima dawa, na kauli yao ya awali ilikuwa kwamba kwa kiasi kile haikuonekana kumdhuru mnywaji. Hapa ndipo penye funzo kwa watu wa lugha. "Haidhuru" si "huponya". Lakini masikioni mwa mgonjwa aliyekata tamaa kauli hizo mbili zilikuwa karibu sana, na wako walioziacha dawa zao za hospitali. Sisemi kwamba umati ulikuwa mpumbavu. Nasema kwamba wingi wa watu, hata wakiwa wakweli wote, hauwezi kuupa mti nguvu usiyokuwa nayo, na kwamba siku ile alihitajika mtu wa kusema sentensi nzima: haidhuru, lakini kuponya kwake hakujathibitishwa. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Walijua kwamba ujumbe wa kweli huchukiza, wakamwekea mchukuzi wake ulinzi. Mgombea hana ulinzi huo, kwa sababu wale watakaochukizwa na habari zake ndio anaotaka wampende.

Atatokea mwenye kupinga aseme kwamba maneno hubadilika. Kwamba leo kura si bahati, na kugombea si kuteta. Kwamba hakuna apigaye kura akikumbuka Kiarabu. Hoja hii ni ya haki, na mwanachuoni wa lugha hana ruhusa ya kuwafunga watu kwa asili ya maneno. Lakini tazama mwenendo unaofuatana na neno. Mahali paitwapo pa kugombea huja ahadi, sifa na makundi. Maelezo ya wagombea wa vyama vyetu husomeka kama tangazo la duka: shahada, vyeo, idadi ya makala, na ahadi ya kukipeleka chama mbele. Mara chache utaona ameandika ni jambo gani alilichunguza akakuta kinyume cha alivyotazamia, au ni ombi la nani atakalojitenga nalo likifika mezani. Maana ya kale imetoka katika kamusi ikaingia katika tabia.

Napendekeza mambo mawili. La kwanza, mtu aliyetajwa na wenzake kwa ajili ya halmashauri aitwe mpendekezwa, kwa maana ndivyo alivyo: wengine wamemtaja. Kitenzi kugombea tukiachie kazi yake bora, ya kugombea haki. La pili, lenye uzito zaidi, kila mpendekezwa aandike kabla ya kura mambo matatu: swali analolijua kwa kulifanyia kazi, kosa lake alilowahi kulisahihisha hadharani, na maslahi yake yatakayomlazimu kutoka chumbani wakati wa kugawa. Wapigaji kura wasiojua kupima majibu hayo hawajawa tayari kupiga kura, na chama kiwafundishe kwanza.

Kura haitatuambia kama mugariga huponya kisukari, wala kama neno fulani ni Kiswahili fasaha. Yaweza kutuambia nani tunamwamini kukaa mlangoni pa mfereji, akayagawa maji kwa zamu, na shamba lake likangoja kama mashamba mengine.