Punje Ndani ya Ganda

Kwetu Kituntu, Karagwe, kahawa huanikwa na ganda lake. Inakaa juani siku nyingi, inageuzwa, jioni inakusanywa na kufunikwa isilowe umande, mpaka wekundu wote uwe weusi. Mnunuzi akija haamini macho yake. Anachota konzi moja, anaitikisa karibu na sikio. Punje zikigonga ndani ya ganda, kahawa imekauka. Zikinyamaza, anaimwaga palepale alipoichota: "Mzee, hii bado."

Ganda ni jepesi, punje ni nzito. Mkono ukisimama ghafla, ganda linasimama nao, lakini punje inaendelea na safari yake hadi igote ukutani. Sauti hiyo nimeisikia tangu sijaanza shule. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba kuna fundi mmoja, mbali sana na kwetu, aliyetengeneza setilaiti kwa kufuata jambo hilohilo, na kwamba setilaiti yake ilirushwa kutoka pwani ya Waswahili.

Fundi huyo ni Luigi Broglio, aliyezaliwa Mestre, jirani na Venice, mwaka 1911. Mhandisi na jenerali wa jeshi la anga la Italia. Ametajwa zaidi kwa roketi, lakini kazi yake ninayoitazama kwa muda mrefu zaidi ni mizani. Wataalamu wanaiita mizani ya Broglio mpaka leo. Nje kuna tufe jepesi lenye kipenyo cha sentimeta 66: hilo ndilo ganda. Ndani kuna mwili mzito wenye betri, redio na vifaa vya kupimia: hiyo ndiyo punje. Viwili hivi vimeunganishwa kwa mikono yenye kunepa tu, iliyopangwa ili punje iweze kusogea kidogo kila upande, mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini.

Setilaiti inazunguka dunia kwa kasi inayokaribia kilometa 8 kwa sekunde. Kimo cha kilometa 200 na ushei bado kina mabaki ya hewa, maana hewa ya dunia haina ukingo kama ukingo wa meza. Inapungua na kupungua tu. Mabaki hayo yanaligonga ganda. Punje imesitirika ndani, haiguswi. Ganda linapunguzwa mwendo kidogo mno, punje inataka kuendelea, mikono inanepa. Kiasi cha kunepa kinageuzwa kuwa umeme, umeme unasafirishwa kwa redio, na aliyeko chini anasoma uzito wa hewa ya mahali pale na saa ile.

Maneno hayo mawili, mahali pale na saa ile, ndiyo yaliyoifanya mizani hii kuwa kitu kipya. Tangu setilaiti ya kwanza ya mwaka 1957, wataalamu walikuwa wakikadiria hewa ya juu kwa kutazama jinsi njia ya setilaiti inavyoshuka siku baada ya siku. Ni sawa na kukisia uzito wa gunia kwa kumtazama mchukuzi alivyochoka mwisho wa safari. Utapata jibu, lakini hutajua kilima kipi kilimchosha. Na hewa ya juu ina vilima vyake: jua likiipasha inatanuka na kupanda, usiku inazama.

Nimeifanya hesabu mwenyewe kwenye karatasi, zaidi ya mara moja, kwa sababu jibu la kwanza sikuliamini. Katika kimo cha kilometa 220 hivi, msukumo wa hewa juu ya tufe la ukubwa ule kwa kawaida haufiki uzito wa gramu 1. Ni punje tatu au nne za kahawa kavu. Ukipanda hadi kilometa 300, unabaki na chini ya punje moja. Sasa fikiria mizani ya ghalani. Ile inayobeba gunia haisikii ukiongeza konzi, na ile ya sonara inayosikia konzi haiwezi kubebeshwa gunia. Setilaiti ya Broglio ilizidi kilo 100, ikapandishwa na roketi inayotetemeka na kuusukuma kila msumari kwa nguvu inayouzidisha uzito wake mara nyingi, kisha ikifika juu mikono ileile inatakiwa iinamie punje tatu za kahawa. Ikiwa laini kupita kiasi, inakatika njiani. Ikiwa ngumu kupita kiasi, inafika salama na haisikii kitu. Fundi alitakiwa kuipata nafasi iliyopo katikati, na nafasi hiyo ni nyembamba.

Setilaiti ya kwanza ya namna hiyo, San Marco 1, ilirushwa na Waitalia kutoka Wallops, Marekani, tarehe 15 Desemba 1964. Ya pili ndiyo yetu. Iliondoka tarehe 26 Aprili 1967 kutoka Ghuba ya Ungwana, mbele ya kijiji cha Ngomeni, kaskazini ya Malindi.

Mahali pale palichaguliwa kwa akili. Karibu na ikweta dunia yenyewe inazunguka kuelekea mashariki kwa takriban kilometa 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea huko inapewa mwendo huo bure. Mashariki ya Ngomeni kuna Bahari ya Hindi peke yake, hivyo vipande vya roketi vinavyoachwa njiani havimwangukii mtu. Na kwa kuwa Italia haina ardhi ikweta, Broglio alisimamisha kiwanja chake ndani ya maji.

Majukwaa yalikuwa mawili. Santa Rita, la umbo la pembetatu, lilikuwa la kuchimbia mafuta baharini kabla ya kupewa kazi hii, na Machi 1964, miezi mitatu tu baada ya Kenya kupata uhuru, liliruhusu roketi ndogo za kupimia hewa kuondoka juu yake. San Marco, la mstatili, lilikuwa gati la kuelea la jeshi la Marekani. Lilifanyiwa marekebisho, likavutwa hadi Kenya, likasimamishwa juu ya miguu 20 ya chuma iliyozamishwa katika mchanga wa ghuba. Mvuvi wa pwani anaujua ugumu wa jambo hilo kuliko mimi mtu wa milimani. Maji yanajaa na kupwa, wimbi halipumziki, na mchanga unahama. Lakini roketi haiwezi kulengwa kutoka kwenye kitu kinachoyumba. Kwa hiyo sakafu ya San Marco iliinuliwa juu ya mawimbi, bahari ikabaki ikipita chini kati ya miguu.

Roketi yenyewe, Scout ya Kimarekani, ilikuwa nyembamba kama mnazi mrefu: mita 23 hivi kwa urefu, upana wa mita moja. Ilikuwa na sehemu nne zinazofuatana, zote za fataki ngumu, bila mabomba ya mafuta ya majimaji. Iliungwa ikiwa imelazwa ndani ya banda lililodhibitiwa joto na unyevu, maana chumvi ya bahari haina huruma na nyaya, kisha ikasimamishwa. Usukani wa sehemu ya kwanza ulijumuisha vibao vidogo vilivyokaa ndani ya moto wenyewe, vikizigeuza ndimi zake kulia na kushoto. Sehemu ya mwisho haikuwa na usukani wowote. Ilizungushwa kama pia kabla ya kuwashwa, ikashika njia yake kwa kuzunguka huko. Wakati wa kurusha, watu waliondoka wote San Marco, na amri zikatolewa Santa Rita, umbali wa kama nusu kilometa, kupitia nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Kati ya mwaka 1967 na 1988 Scout 9 ziliondoka pale, na zote 9 zikaweka mizigo yake angani. Katika kazi hiyo, ambapo hata matajiri walizoea kuona roketi zikilipuka, hesabu ya tisa kwa tisa inastahili kuvuliwa kofia.

Mojawapo inabeba neno letu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, iliondoka setilaiti ya Kimarekani ya kutafuta miale ya eksirei angani, na Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo NASA, akaiita Uhuru. Ilikuwa na macho mawili yaliyopeana mgongo, moja jembamba la nusu digrii, kama upana wa mwezi, jingine pana mara kumi. Ilijizungusha taratibu, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, ikifagia anga. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya miale hiyo, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Ningeweza kukaa na Uhuru siku nzima, lakini nairudia mizani, kwa sababu ina jirani yake ambaye si rahisi kumpita bila kumsalimu.

Miaka ileile Umoja wa Kisovieti ulikuwa ukijenga nyumba za kijeshi angani. Mradi uliitwa Almaz, yaani almasi. Neno lao na letu ni ndugu, yote mawili yamepitia Uarabuni. Mbunifu wake mkuu alikuwa Vladimir Chelomey. Ili dunia isijue, nyumba hizo zilitangazwa kwa jina la Salyut, kama zile za kiraia: Salyut 2 ya mwaka 1973, iliyoharibika kabla mtu hajaingia, Salyut 3 ya mwaka 1974, na Salyut 5 ya mwaka 1976. Kila moja ilikuwa na urefu wa mita 14 na nusu hivi, upana wa mita 4 na kidogo mahali pa tumbo, na uzito wa zaidi ya tani 18. Ndani kulikuwa na kamera iliyoitwa Agat, ambayo mwanga ulisafiri ndani yake zaidi ya mita 6 kabla ya kukutana na filamu. Nyumba ilijengwa kuizunguka kamera, kama kibanda kinavyojengwa kuuzunguka mtambo wa kukoboa. Pavel Popovich na Yuri Artyukhin waliishi ndani ya Salyut 3 wiki mbili Julai 1974, wakipiga picha, wakisafisha filamu humohumo, nyingine zikipelekwa chini kwa njia ya televisheni. Filamu nyingine ziliteremshwa ndani ya kidonge maalumu Septemba mwaka huo. Kidonge kiliumia kilipotua, lakini filamu zilipatikana.

Salyut 3 ilikuwa na bunduki pia, mzinga wa milimita 23 wa kutoka kwenye ndege za vita. Ili kulenga, ilibidi tani zote 18 zigeuzwe. Ulifyatuliwa Januari 1975, nyumba ikiwa tupu, muda mfupi kabla ya kuteremshwa iungue. Nashukuru kwamba haukupata kazi nyingine. Kamera naistahi, mzinga nauacha palepale.

Kilichoniunganishia Almaz na mizani ni kimo. Kamera ya kijeshi inataka kuwa karibu na ardhi ili ione vitu vidogo, hivyo nyumba hizo ziliruka chini, kilometa 220 hadi 270. Ni tabaka lilelile ambalo San Marco 2, ambayo njia yake ilianza chini kwenye kilometa 218, ililipima miaka saba kabla. Hewa ile ya punje tatu ikigonga nyumba ya upana wa mita nne, saa baada ya saa, inaivuta chini, na kila ikivutwa injini ziwashwe, mafuta yapungue. Anayebuni nyumba kama hiyo analazimika kujua hewa ina uzito gani kabla hajaamua abebe mafuta kiasi gani. Sidai kwamba Chelomey alisoma karatasi za Broglio. Nasema walikuwa wakihangaika na kitu kimoja, mmoja akitaka kupita ndani yake, mwenzake akitaka kukijua.

Broglio hakuiacha mizani yake. Ilipanda tena mwaka 1971 na 1974, ikapanda mara ya tano na ya mwisho tarehe 25 Machi 1988, kila mara ganda na punje, kila mara jambo lilelile limefanywa kwa usahihi zaidi. Majukwaa hayajarusha setilaiti tena tangu siku hiyo, lakini bado yamesimama majini mbele ya Ngomeni, na kituo cha nchi kavu, kinachobeba jina la Broglio, kinaendelea kusikiliza vyombo vinavyopita.

Sasa nirudi nyumbani. Setilaiti inayorushwa kuelekea mashariki kutoka Ungwana haiendi kaskazini wala kusini ya mbali. Inabaki ndani ya digrii 3 za ikweta, upande huu na upande ule, ikizunguka dunia kama ukanda wa kiunoni. Kituntu iko ndani ya ukanda huo. San Marco 2 ilipomaliza mzunguko wake wa kwanza ilitokea magharibi, ikapita juu ya misitu ya Kongo, ikapita si mbali na vilima vyetu vya Karagwe, ikavuka ziwa, ikaiona tena Kenya na bahari ilikoanzia. Ikarudi hivyo zaidi ya mara kumi kila siku, mchana na usiku, na katika kila mzunguko ilikuwa juu ya upeo wetu kwa dakika kadhaa. Tufe la sentimeta 66 si kitu ambacho jicho tupu lingekiona, na hakuna aliyetuambia tutazame.

Ilirushwa Aprili 26, masika, kahawa ikiwa bado ya kijani mitini. Hewa iliishusha tarehe 14 Oktoba mwaka huohuo. Kati ya tarehe hizo mbili kahawa yote ya msimu wa 1967 iliiva, ikachumwa, ikaanikwa uani, ikageuzwa, ikachotwa kwa konzi na kutikiswa karibu na masikio ya wanunuzi, na juu yake, mara kumi na zaidi kwa siku, ilikuwa ikipita punje nyingine ndani ya ganda lake.