Nani Mrithi wa Glakoma?

Kazi ya istilahi haimaliziki pale neno linapopatikana, bali pale linapomfikisha msomaji kwenye jambo lenyewe. Kwa kipimo hicho, natuipime sentensi ambayo mfasiri yeyote wa maandishi ya afya angeweza kuiandika bila kusita: "Glakoma ni presha ya macho, ni maradhi ya kurithi, hivyo mgonjwa awalete ndugu zake wapimwe." Tuipeleke Kizimbani, Unguja, kwa mkulima wa mikarafuu mwenye umri wa miaka 60, tuone ataelewa nini.

Jambo lenyewe si dogo. Uchunguzi uliofanywa Kongwa, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2000, ulikuta glakoma kwa watu wapatao 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Maradhi haya huiharibu neva ya jicho kimyakimya. Mtoto wa jicho hupasuliwa na nuru ikarudi, lakini nuru iliyochukuliwa na glakoma hairudi tena.

Kwanza, "presha". Kwa watu wetu neno hili ni shinikizo la damu. Mkulima aliyepimwa mkono akaambiwa ni mzima ataona hana haja ya kupimwa jicho. Aidha, wapo wagonjwa wa glakoma ambao shinikizo la jicho lao ni la kawaida. Neno "glakoma" ni geni, lakini halipotoshi.

Pili, "kurithi". Katika mirathi, mrithi hupata mali baada ya kifo, ilhali jeni hupatikana kabla ya kuzaliwa. Mke humrithi mumewe, lakini hapati jeni zake. Binti hupata nusu ya fungu la kaka yake, ilhali katika jeni wote wawili hupokea kwa baba na kwa mama. Hata "vinasaba", neno lililokwisha kuzoeleka, limezaliwa na nasaba, ambayo pwani hufuata upande wa baba. Hatusemi maneno haya yatupwe, kwani yamekwisha kukomaa. Twasema yasiachwe peke yake.

Kosa kubwa zaidi ni kwamba aliyerithi shamba analo, hana shaka nalo, ilhali aliyepokea jeni yenye hatari huenda asiugue kamwe. Uchunguzi wa Rotterdam, Uholanzi, uliochapishwa mwaka 1998, ulikadiria kuwa kufikia umri wa miaka 80 glakoma huwapata watu wapatao 22 katika kila 100 miongoni mwa ndugu na watoto wa wagonjwa, na 2 hivi tu miongoni mwa jamaa wa wasiougua. Hatari imeongezeka sana. Hata hivyo, walio wengi wamesalimika. Jeni ya mayosilini, iliyohusishwa na glakoma mwaka 1997, hueleza sehemu ndogo tu ya wagonjwa. Ndiyo maana utafiti unaendelea, ukiwamo ule wa wagonjwa wa Tanzania na Afrika Kusini uliotoa matokeo mwaka 2018. Kwa hiyo twapendekeza "hatari ya kijeni" badala ya "maradhi ya kurithi". Mkulima wa Kizimbani, jirani wa taasisi ya utafiti wa kilimo, hatashangaa: anajua kuwa mche wa mti mzuri una asili njema, lakini asili si mavuno.

Tatu, "ndugu". Huyu atamleta binamu. Yule atamleta ndugu wa kunyonya, ambaye dini humkataza kumwoa lakini hawana jeni za pamoja kwa sababu ya maziwa. Huenda kaka yake wa tumbo moja akabaki nyumbani, naye ndiye aliyekusudiwa.

Sentensi yetu basi na iandikwe hivi: "Glakoma huharibu neva ya jicho. Hatari yake huongezeka kwa umri, na ni kubwa zaidi kwa watoto wa mgonjwa na kwa ndugu zake wa baba na mama mmoja. Waje wapimwe macho wakati bado wanaona vizuri."

Ni ndefu kuliko ya kwanza, na mhariri atataka kuifupisha. Tunamwomba asifanye hivyo. Maneno anayotaka kuyaokoa ndiyo yatakayomleta yule kaka hospitalini mapema.