Tazama Ukingo wa Kushoto

Siku hizi imezuka tabia ya kuitetea Pac-Man ya mashine ya michezo ya Atari 2600. Watu waliozaliwa baada ya mashine yenyewe kuondoka madukani wanatuambia kwamba ilionewa, kwamba ina ladha yake, kwamba sisi tunaiponda kwa mazoea tu. Juzi nimemsikia mmoja, tena mwenye rafu nzima ya katriji nyumbani kwake, akiiita kito. Kito! Mizimu minne inapepesa mpaka macho yanauma, kuta za njia zimekuwa matofali, na vidonge vimegeuka vipande vya mstari ambavyo hata kijitabu cha ndani ya boksi kiliona haya kuviita vidonge, kikaviita kaki. Zaidi ya nakala milioni 7 ziliuzwa, ndiyo. Watu walinunua jina.

Mtetezi atakwambia mashine haikuweza zaidi. Huyo muulize kuhusu Ms. Pac-Man, ambayo General Computer waliitengenezea Atari kwa mashine ileile. Katika Pac-Man ya 1982 kila mzimu huchorwa fremu moja kati ya nne, hata ukiwa peke yake kwenye kona. Katika Ms. Pac-Man mizimu hupepesa pale tu inapogongana kwenye mistari ileile ya skrini, kwingineko imetulia. Chipu ya picha ni ileile, ila safari hii mtu alikaa akafikiri. Ms. Pac-Man ilipewa nafasi ya 8K kwenye katriji, nakubali, na mimi kwa kanuni sihesabu chochote kinachozidi 4K kuwa mchezo kamili wa mashine hii. Lakini hiyo ni hoja nyingine.

Watetezi wengine wako upande wa E.T., mchezo mwingine wa mashine hiihii. Wao hawasifii mchezo, wanasifia kaburi. Mwaka 1983 Atari ilizika shehena ya katriji zisizouzika katika jalala la Alamogordo, New Mexico. Mwaka 2014 zikafukuliwa mbele ya kamera, na baadaye zikapigwa mnada pamoja na udongo wake. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya zilizofukuliwa haikuwa hata E.T. Mtu anaitundika ukutani katriji isiyowaka, halafu anataka kujadiliana nami kuhusu ubora. Mtunzi wake, Howard Scott Warshaw, alipewa wiki tano hivi aumalize mchezo ule uwahi Krismasi ya 1982. Aliyempangia muda huo ndiye wa kulaumiwa, lakini huruma haiwezi kukutoa ndani ya lile shimo unalotumbukia kila unapopiga hatua mbili.

Sasa tuseme namna ya kupima. Mashine hii ya 1977 haina kumbukumbu ya picha. Ina baiti 128 za kufanyia kazi, basi. Chipu yake ya picha, TIA, inajua mstari mmoja tu wa skrini, ule unaochorwa sasa hivi, na mtunzi ana hatua 76 za prosesa kuueleza mstari huo kabla boriti ya elektroni haijarudi kushoto kuanza mwingine. Mashine iliundwa kwa ajili ya michezo ya mpira wa meza na vifaru: wachezaji wawili, makombora mawili, mpira mmoja, na ukuta wa nyuma ambao nusu yake ya kulia hunakili ya kushoto. Anayepima mchezo wa 2600 bila kuyaweka haya kichwani atasifu rangi, atasifu boksi, atasifu kumbukumbu zake za utotoni.

Na jambo moja halioni kamwe. Nalo liko ukingo wa kushoto.

Niliwahi kumwekea kijana mmoja Pitfall! kwenye televisheni yangu ya kioo kinene. Akacheza kidogo, akaruka mamba, akanigeukia kwa adabu zake zote: “Mzee, samahani, TV yako imeanza kufa upande huu.” Kidole chake kilikuwa kwenye ule mstari mweusi uliosimama wima kushoto kabisa, toka juu mpaka chini, mwembamba kama upana wa penseli. Nikamwambia, mwanangu, hiyo TV ni nzima. Hicho unachokionyesha ndicho kipimo cha kazi.

Ukitaka kusogeza kitu kulia au kushoto kwenye mashine hii kwa nafasi ndogo ndogo, unapiga amri ya HMOVE. Ukiipiga mwanzoni mwa mstari, mahali pake pa kawaida, TIA inachelewa kuwasha picha, na pikseli 8 za kwanza za mstari huo kati ya 160 zinabaki nyeusi. Huwezi kubembeleza. Mtunzi asiyejali anapiga HMOVE pale tu anapohitaji: mstari huu ndiyo, miwili inayofuata hapana, halafu ndiyo tena. Matokeo yake ukingo wa kushoto unaota meno meusi, marefu kwa mafupi, na yakiwa kwenye mandhari ya buluu au kijani yanaonekana hata kutoka jikoni. Mbaya zaidi, vitu vikisogea na meno nayo yanacheza.

David Crane, mtunzi wa Pitfall!, na wenzake wa kampuni ya Activision hawakuvumilia hilo. Wao walipiga HMOVE kwenye kila mstari, ihitajike isihitajike. Kila mstari ukapoteza pikseli zake 8, meno yakaungana, ukapatikana ukanda mmoja mweusi ulionyooka ambao jicho huudhania kuwa fremu ya televisheni. Angalia gharama yake: kila mstari umelipiwa hatua tatu za prosesa kwa amri isiyo na kazi nyingine, katika bajeti ya 76, ili tu ukingo ambao hakuna mteja aliyeulalamikia uwe safi. Televisheni nyingi za wakati ule zilikata pembeni kiasi kwamba nyumba nyingi hazikuuona ukanda huo kabisa. Waliusafisha hivyohivyo. Fundi cherehani humjui kwa kola. Unageuza shati ndani nje ukatazama mshono.

Ipo njia ya tatu: HMOVE ipigwe mwishoni kabisa mwa mstari, hatua ya 74 au jirani yake, na meno hayatokei. Lakini hapo hesabu nzima ya kusogea inabadilika, na ukikosea kwa hatua moja vitu vinaanza kuhama vyenyewe. Wanaotunga michezo mipya ya mashine hii leo wanaipenda sana njia hiyo. Mimi naiheshimu, siipendi. Ukingo usio na alama yoyote unanifanya nijiulize kama kweli ninatazama 2600.

Kwa hiyo kabla hujatoa maneno yako kuhusu mchezo wowote wa mashine hii, piga magoti mbele ya kioo, sogea mpaka uone mistari, tazama kushoto. Kama televisheni ina skrubu ya upana nyuma, punguza picha hadi ukingo wote utokeze. Ukikuta meno, usiutupe mchezo, maana mingi mizuri ya Atari yenyewe inayo. Ila ujue aliyeutunga aliacha kitu njiani, na uanze kutafuta alikiacha wapi kingine.

Ukishaona ukingo, utazame ukuta wa nyuma. Carol Shaw katika River Raid, 1982, alijua kwamba nusu ya kulia inanakili ya kushoto, na badala ya kupigana na kioo hicho akaufanya mto. Mto una kingo mbili zinazofanana, na hakuna anayeshangaa. Visiwa vinakaa katikati, mfereji unabana na kupanuka, na mto wote, ambao hauna mwisho unaoweza kuufikia kirahisi, haukuhifadhiwa popote: unazaliwa kutokana na hesabu ileile kila unapowasha, kwa hiyo bonde lililokuua jana liko palepale leo. Hayo yote yamo ndani ya 4K. Mtu mwingine angelazimisha mandhari isiyofanana pande mbili, akamaliza muda wa mstari, ndege zikaanza kupepesa.

Crane alifanya mchezo kama huo wa hesabu katika Pitfall!, mwaka huohuo. Skrini 255 za msitu, na kila moja imefungwa ndani ya baiti moja inayozungushwa: ukienda kulia inazungushwa huku, ukirudi kushoto inarudishwa kule, na unakuta mashimo na mamba uliowaacha. Dakika 20, hazina 32. Hapo mwanzo alimpa mchezaji uhai mmoja tu, wenzake wakamsihi aongeze. Binafsi naona wangemwacha.

Rick Maurer alipewa kazi ngumu zaidi, kuleta Space Invaders nyumbani mwaka 1980. Mashine ya kibanda cha michezo ilikuwa na wavamizi 55. TIA inaweza kurudia umbo la mchezaji mara tatu kwenye mstari mmoja, na wachezaji ni wawili. Basi akaweka sita kwa safu, safu sita, 36. Hakupepesa kitu. Ngome nne zikawa tatu. Aliyeijua ile ya kibandani hakulalamika, kwa sababu mwendo ulikuwa uleule, ule wa kukaza kadiri wanavyopungua. Pac-Man ilijaribu kubeba kila kitu ikaangusha vyote. Wanunuzi wakaifuata Space Invaders mpaka wakanunua mashine kwa ajili yake.

Ila wapo wanaoshikilia kitufe cha kuanzisha upya huku wakiwasha umeme, ili mzinga wao ufyatue risasi mbili kwa mpigo. Hitilafu hiyo ipo kweli kwenye katriji. Wanaoitumia halafu wakatangaza alama zao siwakaribishi kwangu.

Na ukitaka udanganyifu mkubwa, Dragster. Crane aliitunga mwaka 1980: gari, gia, saa, imekwisha. Mwaka 1982 mchezaji Todd Rogers alidai sekunde 5.51, Activision ikamkubalia, na rekodi ikakaa vitabuni zaidi ya miaka 30. Mwaka 2017 msimbo ukachambuliwa fremu kwa fremu, ikaonekana kwamba ukibonyeza kila kitu bila kosa hata moja unafika 5.57 na hapo ndipo mwisho wa barabara. Januari 2018 Twin Galaxies, wanaotunza rekodi za michezo, wakaifuta. Kwangu mimi kashfa hiyo ni sifa ya katriji. Mchezo wenye baiti chache kiasi hicho hauna pa kuficha sekunde; kila kinachowezekana ndani yake kinaweza kuhesabiwa, na waongo pia.

E.T. ya Warshaw nimeisema vibaya, basi nimpe haki yake kwa Yars' Revenge. Ule ukanda wa rangi unaochemka katikati ya skrini si picha aliyoichora. Ni msimbo wa mchezo wenyewe, baiti za programu zikimwagwa kwenye skrini kama mapambo kwa sababu nafasi ya kuweka mapambo haikuwepo. Unaruka ndani ya kile kinachokuendesha. Ujanja wa namna hiyo ndio ninaoutafuta ninapofungua boksi, na sasa siupati. Leo mtu anatengeneza mchezo wa “mtindo wa zamani” wenye rangi ndogo na pikseli kubwa, nyuma yake kuna kumbukumbu ya kutosha kuhifadhi kila katriji iliyowahi kutengenezwa, na anataka tumpigie makofi kwa kubana matumizi.

Mengineyo nitayasema kwa kifupi. Mchezo wa padi ya kuzungusha ni bora kuliko wa jostiki, Kaboom! inatosha kuwa ushahidi. Mchezo unaohitaji jostiki mbili kwa mchezaji mmoja, mfano Raiders of the Lost Ark, umeshindwa kabla hujauwasha. Sauti isizidi lazima. Orodha ndefu ya namna za kuchezea, 112 za Space Invaders au 27 za Combat, ni dalili njema, kwa sababu zinaonyesha mtunzi alijua kanuni zake vizuri kiasi cha kuzigeuza. Adventure ya Warren Robinett isamehewe majoka yake yanayofanana na bata, kwa ajili ya kile kinukta cha kijivu kinachofungua chumba alimoficha jina lake, wakati Atari ilikuwa haiandiki majina ya watunzi popote.

Kwa sisi wa huku Tanzania kuna tahadhari moja. Televisheni zetu za zamani zilikuwa za mfumo wa PAL, mistari 312 kwa fremu na fremu 50 kwa sekunde. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, wakati Bara tulisubiri kituo mpaka 1994, lakini seti zilikuwepo majumbani kabla ya hapo kwa ajili ya deki za video, na mashine zilizoletwa na ndugu kutoka Uarabuni au Uingereza zilikuwa za mfumo huo. Michezo hii ilitungwa kwa mistari 262 na fremu 60 za mfumo wa Marekani, NTSC. Matoleo mengi ya PAL yalirekebishwa kwa haraka: rangi zimebadilika, mwendo umepungua kwa karibu sehemu moja ya sita, na aliyejifunzia hapo atakwambia River Raid ni rahisi. Tafuta katriji ya Marekani pamoja na mashine ya Marekani na televisheni inayokubali NTSC. Ukikosa, cheza hiyohiyo ya PAL, lakini alama zako usiniletee.