Fani ya Pakiti ya Vidonge vya Majira

Pakiti ya vidonge vya majira, ile ya vidonge 28 katika safu nne za saba saba, ni matini inayosomwa kwa kumezwa, kidonge kimoja kwa siku, na mishale iliyochapwa juu ya foili ndiyo inayomwongoza msomaji asiruke hata hatua moja. Maudhui yake yamo katika vidonge 21 vya mwanzo: homoni mbili, estrojeni na projestini, huzuia yai lisipevuke, na projestini hiyo hiyo huufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito, mbegu zikakosa njia. Lakini maudhui haya yanategemea fani kwa kiasi ambacho wahakiki wa dawa hawakisemi vya kutosha.

Itazame safu ya nne. Vidonge vyake saba havina homoni. Katika baadhi ya matoleo ni vya hudhurungi na vina madini ya chuma tu. Damu inayotoka wiki hiyo si hedhi ya kawaida, bali ni itikio la mwili kwa homoni zilizokatika. Gregory Pincus na John Rock, walioifanyia kazi dawa hii Marekani katika miaka ya 1950, walipanga imezwe kwa vipindi vyenye mapumziko ili mzunguko ufanane na ule wa asili, na mwaka 1960 ikaidhinishwa huko kwa ajili ya kuzuia mimba. Vidonge visivyo na homoni havizuii chochote. Kazi yake ni kuyalinda mazoea, ili mkono usisahau njia ya kwenda kwenye pakiti. Huo ni ufundi wa hali ya juu: kimya kilichopewa umbo na idadi.

Hata hivyo, mpaka wa kimya hicho ndipo mahali dhaifu kuliko pote. Baada ya siku saba bila homoni ovari huanza kuamka, na kwa hiyo anayesahau kidonge kimoja katikati ya safu ya pili hupoteza kidogo, ilhali anayechelewa kuanza pakiti mpya hurefusha pengo hadi siku nane, tisa au kumi, na yai likapata nafasi. Mchapaji amevipa vidonge vyote 21 sura moja, kana kwamba uzito wake ni mmoja. Hapa msanifu amemwangusha msomaji wake.

Tukiisoma pakiti kando ya njia nyingine, takwimu zinaanza kusema juu ya fani. Kati ya wanawake 100 wanaotumia vidonge bila kosa lolote, wanaopata mimba katika mwaka wa kwanza hawafiki hata mmoja. Katika matumizi ya kila siku, pamoja na usahaulifu wake, ni kama 7. Kwa kondomu ya kiume idadi hizo ni 2 na 13, ingawa ndiyo inayokinga pia dhidi ya VVU. Sindano ya miezi mitatu ina karibu 4 katika matumizi ya kawaida. Kwa kijiti cha mkononi, chenye projestini peke yake, na kwa kitanzi cha shaba, ambacho huidhoofisha mbegu bila homoni yoyote, pengo karibu halipo: ni chini ya 1 kwa hali zote mbili. Pengo hilo ndilo kipimo cha mzigo ambao kila fani inamtwisha mtumiaji.

Sisemi kwamba kijiti ni kazi bora kuliko pakiti. Kijiti huwekwa na kutolewa na mtoa huduma, na mara nyingi huvuruga mpangilio wa damu. Sindano ikishadungwa hairudi nyuma, na uzazi unaweza kuchelewa kwa miezi kadhaa baada ya kuiacha. Pakiti ndiyo matini ambayo mwanamke huifunga mwenyewe, siku anayotaka, bila kuomba ruhusa ya mtu, na uhuru huo ni sifa ya fani yake.

Basi anayepokea pakiti mpya aitie safu ya kwanza alama ya kalamu. Akichelewa kuianza kwa siku mbili au zaidi, ameze kidonge mara anapokumbuka, atumie kondomu hadi amalize vidonge saba vyenye homoni mfululizo, na kama amekwisha kukutana na mwenzi wake bila kinga, aende kwa mtoa huduma mapema kuuliza kuhusu kinga ya dharura.